Mnusa Shimo la Samadi

Watu wakisikia kwamba mume wa dada yangu kazi yake ilikuwa kunusa, hucheka. Wacheke tu, meno ni yao. Mimi nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo sikuwahi kushuka shimoni kabla yeye hajasema neno. Nilikuwa naamini pua ya yule bwana kuliko ninavyoamini macho yangu.

Nianze na shamba lenyewe, maana bila shamba hutamwelewa mtu huyu. Upande mmoja kuna zizi la ng'ombe mia mbili, upande wa pili kuna kiwanda cha maziwa, na katikati limekaa tangi la duara, kubwa kushinda nyumba ya meneja, limevalishwa kifuniko cha mpira mweusi kinachovimba na kunywea. Ndani hamna maajabu. Kuna samadi, kuna maji, kuna mtama na matete yaliyokatwakatwa, na kuna wadudu wasioonekana kwa macho ambao kazi yao ni kula na kujamba. Ndiyo, kujamba, nimetafuta neno la adabu zaidi nimelikosa. Wanachojamba ndicho gesi, na gesi hiyo ndiyo inayochemsha maziwa kiwandani na kuzungusha jenereta.

Mtama na matete ni yangu mimi. Hatulimi kwa ajili ya ng'ombe wala watu, tunalima kwa ajili ya tangi. Nakata yakiwa bado mabichi, mashine inayatafuna vipande vya urefu wa kidole, nayamwaga kwenye handaki la zege, trekta linayakanyaga mpaka hewa yote itoke, halafu tunafunika plastiki na kupanga matairi makuukuu juu. Baada ya miezi miwili yamevundika, yananukia uchachu mtamu, na hapo yanaitwa chakula. Shemeji ndiye aliyekuwa mlishaji. Kila asubuhi alipima vijiko vya trekta, vitano vya samadi kwa viwili vya chakula, akachukua konzi ya kila kijiko, akainusa, ndipo aruhusu imwagwe.

"Hili ni tumbo," alikuwa akituambia. "Ukilishindilia vitamu linachacha. Na tumbo likichacha, halikupi kitu ila kero."

Jina la Pua alilipata mwaka wake wa tatu. Trekta lilileta samadi asubuhi, yeye akanusa, akainua mkono. "Hii ina dawa," akasema. Dereva akabisha. Akaitwa mganga wa mifugo, naye kwa aibu akakiri kwamba jana yake alikuwa amewadunga ng'ombe thelathini waliovimba viwele na hakumwambia mtu. Sasa dawa inayoua ugonjwa wa ng'ombe inaua na wadudu wa tangi, haichagui. Samadi ile yote ikaenda kumwagwa mbali. Kuanzia siku hiyo hata meneja alimwita Pua, na yeye hakukasirika. Alipenda, tuseme kweli. Alitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Lakini sifa yake hasa ilikuwa shimoni. Kabla chakula hakijaingia tangini hupitia shimo la kukorogea, la zege, kina chake watu wawili wamesimamiana mabegani, na chini kabisa kuna pampu yenye visu. Pampu hiyo ilikuwa na desturi ya kukwama mara moja au mbili kwa mwaka. Ikikwama, mtu anashuka na panga. Nani anashuka? Hapo tulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: aliyekwamisha ndiye anayeshuka. Ikiwa ni kamba ya kufungia ndama, wanashuka watu wa zizi. Ikiwa ni mabua, nashuka mimi.

Na hashuki mtu mpaka Pua anuse. Shimo lile hukusanya ile hewa ya yai viza, nzito, inayotulia chini kama maji, na hewa hiyo imeua watu, hilo kila mlishaji wa tangi analijua. Kwa hiyo kila mara mfuniko ulifunguliwa, tukasubiri nusu saa, kisha Pua akapiga magoti, akavua kofia, akaning'iniza kichwa shimoni na kuvuta pumzi tatu. Akiinuka alisema moja kati ya maneno mawili. "Bado." Au, "Shuka." Siku moja alisema "Bado" tangu asubuhi mpaka mchana, meneja akatukana mpaka povu likamtoka, na Pua akakaa pale ukingoni anajichokonoa meno.

Kipima gesi tulikuwa nacho zamani, kisanduku cha kushika mkononi. Kilikufa mwaka wa pili, tukakitundika ukutani. Kila mwaka mtu alimkumbusha meneja, na kila mwaka meneja alijibu, "Cha nini, na Pua tunaye?" Sote tukacheka, na Pua akacheka kuliko wote.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka minne, na ulimi wake ni mkubwa kuliko sisi sote. Aliweka sheria tangu mwezi wa kwanza wa kazi ile: nguo za shambani hazivuki kizingiti. Nyuma ya nyumba kuna bomba, kuna ndoo na mche wa sabuni. Pua alivua pale, akajisugua pale, akaingia ndani na taulo kama mtoto anayetoka kuoga mtoni. "Wenzangu waliposwa mara moja," dada alikuwa akiwaambia majirani. "Mimi huyu kila jioni lazima anipose upya kwa sabuni." Halafu anamwekea chai. Walipendana wale, hata kama yeye angekuapia kwamba ni mazoea tu.

Mwaka jana Pua akashikwa na homa. Wiki mbili alilala, wiki ya tatu akarudi kazini amekonda, suruali inashikiliwa na mkanda. Tukampa pole, akashika kijiko chake, tukaendelea. Mimi sikuona tofauti. Dada ndiye aliyeona.

Alinipigia simu siku ya mapumziko. "Njoo."

"Kuna nini?"

"Nimesema njoo, sikusema uliza."

Nikaenda. Nilimkuta Pua amekaa kwenye kochi anatazama ukuta. Mbele yake mezani kulikuwa na kikombe kitupu na kitambaa. Dada akaniambia nionje kilichobaki kwenye kikombe. Nikakisogeza tu puani nikakirudisha haraka. Maziwa yaliyokatika, yamelala kama siku tatu.

"Ameyamaliza," dada akasema. "Kikombe kizima. Akaniambia asante." Akachukua kile kitambaa, kilicholoweshwa mafuta ya taa, akakisogeza mpaka kikagusa masharubu ya mumewe. "Hii ni nini?"

"Kitambaa," Pua akasema.

Dada akaketi. Akakikunja kitambaa kile, akakikunja tena.

"Itarudi," Pua akasema, akiuambia ukuta. "Homa huondoka na vitu kisha ikavirudisha. Itarudi."

Nikasema, kama mtu yeyote mwenye akili angesema, basi tumwambie meneja. Lo! Dada alinigeukia kama nimemtukania marehemu mama yetu. "Thubutu! Unamjua huyu ni nani pale? Ukimtoa kwenye lile shimo anabaki nini? Mzee wa kufagia zizi?"

Niliona jinsi Pua alivyokunja vidole aliposikia neno zizi. Hapo ndipo jambo lilipokuwa limekwama. Hakuogopa njaa, watoto wao wamekua, na kazi ya kufagia nayo ina mshahara. Aliogopa kusimama pembeni siku mfuniko unafunguliwa, na mtu mwingine anapiga magoti.

"Wewe utanusa badala yake mpaka irudi," dada akaniamuru.

"Mimi? Mimi nimevuta sigara miaka thelathini!"

"Basi punguza."

Nikaapa. Ndiyo, niliapa, mtu mzima, kwa sababu dada yangu alinikazia macho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sote watatu tuliujua msemo huo, lakini nani anakumbuka misemo akiwa katikati ya jambo?

Tukaanza maigizo. Kila asubuhi nilijifanya nina shughuli karibu na kijiko. Nanusa mimi kwanza. Chakula kikiwa kizuri nakohoa mara moja, kikiwa kibaya mara mbili. Yeye anachukua konzi, anainua puani kwa madaha yake yote, anafumba macho, anasubiri kikohozi changu. Fundi bomba, kijana mwenye mdomo usio na breki, akaanza kuniuliza nina kifua kikuu au nina mchumba kiwandani.

Na pua yangu, nisiwafiche, ni takataka. Mwezi wa tatu plastiki ilichanika kwenye kona ya handaki, mvua ikaingia, chakula cha pale kikaoza, si kuvundika, kuoza. Nilinusa nikasikia tamu. Nikakohoa mara moja. Siku nne tulilisha uozo ule, na Pua kwa kutojiamini akaongeza kijiko cha tatu juu yake. Siku ya tano kifuniko cha mpira kikaanza kunywea, ya saba kikalala juu ya tangi kama godoro lililotolewa sufi. Tangi limechacha. Wiki mbili tulilinyonyesha samadi tupu na chokaa, na kiwandani wakawa wanachemsha maziwa kwa kuni.

"Pua, imekuwaje?" meneja akauliza mbele za watu.

"Nimezeeka kidogo, bosi."

Watu wakacheka, wakijua ni mzaha. Njiani kurudi nyumbani alitangulia hatua tatu mbele. Mimi nilimwambia tangi si kitu, tangi linapona, na ilikuwa kweli. Tulichoogopa wote wawili hatukukitaja. Kila asubuhi nikifika nilisikiliza kwanza pampu. Ikinguruma, nashukuru Mungu.

Sasa mtu anayeogopa pampu kukwama atafanya nini? Atanoa visu vya mashine ya kukatia matete, si ndiyo? Mimi sikunoa. Niliahirisha leo, nikaahirisha kesho, kuna hiki, kuna kile. Ubishi wangu na uvivu wangu vilizaliwa siku moja. Matete yakawa yanatoka marefu, mkono mzima, na mwezi wa tano, saa nne asubuhi, pampu ikalia kama mbuzi anayekabwa, ikanyamaza.

Watu wakakusanyika. Fundi bomba akaja na ndoano ndefu, akavutavuta, akaibua bua moja. Akalinyanyua juu kila mtu alione. "Jamani, haya matete ya nani? Yamenyolewa na nani haya?" Kicheko. "Mzee, vua viatu, shimo linakuita."

Meneja alikuwa na haraka. Lita elfu nne za maziwa zilikuwa zinasubiri kiwandani, na safari hii kuni hakuna. Mfuniko ukafunguliwa. Nusu saa ikahesabiwa. Nikavaa buti, nikapitisha kamba kifuani, nikafunga fundo. Watu wawili wa zizi wakashika upande wa pili. Nilimtazama shemeji, naye hakunitazama.

Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi ya kusema hata mara kumi. Ningeweza kujishika tumbo nikadai naharisha. Sikusema, nikabaki kuvuta kamba kuona kama imekaza.

Pua akapiga magoti. Akavua kofia, akaiweka pembeni. Akainama. Pumzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akainuka akakaa juu ya visigino vyake, mdomo umefunguka kidogo, na mimi nikashika ukingo wa shimo tayari kuteremsha mguu.

Muda ukapita. Meneja akasema, "Eh, Pua? Bado au tayari?"

"Sijui," Pua akasema.

"Hujui vipi?"

Akasimama. Magoti yake yalikuwa na vumbi, hakuyapangusa. "Sisikii harufu. Tangu ile homa. Nikinusa samadi ni kama nimenusa maji. Miezi mitano nawadanganya."

Wengine wakacheka kwanza. Ndivyo alivyokuwa amewazoesha, kwa mizaha. Halafu mmoja akaacha, na mwingine, mpaka ikabaki sauti ya ng'ombe tu. Nilitamani ardhi ipasuke. Uso wake ulikuwa umekauka, na nilimwonea huruma.

Meneja akapumua kwa nguvu. "Sasa maziwa je?"

Fundi bomba, na hapa simlaumu, alikuwa anataka tu kuokoa hali, akasema, "Basi si pua? Hata mimi ninayo." Akajitupa tumbo chini ukingoni, akaingiza kichwa, akavuta pumzi ndefu. Akanusa tena. Akainua uso, anatabasamu. "Mavi tu ya kawaida. Yai viza hakuna kabisa. Safi! Mzee, shuka."

Meneja akatikisa kichwa kwangu. Nami, mnisamehe, nikateremsha mguu mmoja kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshafika kwenye kidato cha pili pale Pua alipoidaka kamba karibu na kifua changu, akaivuta kwa mikono miwili, nikapanda juu kama ndoo ya maji na kuanguka kwenye zege.

"Hashuki mtu," akasema. "Hamjui. Mimi nilikuwa najua, na sasa sijui, na huyu hajui. Hashuki mtu hapa."

"Wewe huna amri tena," meneja akasema, na alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma.

"Najua. Nifukuze. Lakini kamba hii siiachii."

Ndipo mtu akaenda kumwita injinia. Huyu ni binti aliyeajiriwa kiwandani miezi miwili kabla, anashughulika na mabomba ya mvuke, hata hatukuwa tumemzoea. Shimo letu hakuwahi kulisogelea. Alifika ametota jasho, kifuani amebana kisanduku kidogo cha njano, kile chetu cha ukutani kilikuwa kaka yake mzee. Hakusalimia. Alikifunga kwenye uzi, akakiteremsha shimoni taratibu. Kilishuka mkono mmoja kimya, mikono miwili kimya. Kabla hakijafika nusu ya ngazi kikaanza kulia, mlio mkali wa kutoboa masikio, na hakikunyamaza mpaka alipokivuta juu.

Akasoma namba. Akaangalia buti zangu. "Nani alikuwa anashuka?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Ungefika chini ukavuta pumzi mbili," akasema. "Na wa kukufuata kukuokoa angevuta mbili."

"Lakini nimenusa!" fundi bomba akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Hakukuwa na kitu!"

"Ulinusa juu, hewa imelala chini. Na hata huko chini, ikiwa kidogo unaisikia harufu. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza. Husikii kitu, unadhani pasafi. Halafu inakuua wewe." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani kawafundisha kunusa?"

Macho yote, polepole, yakamwendea Pua. Nilimwona akilipokea jambo lile. Alikuwa ameshajiandaa kupoteza pua yake mbele zetu, hilo alilibeba. Hili hakulitarajia. Kwamba hata siku zile alizokuwa na pua, pumzi zile tatu na lile neno vilikuwa bahati tupu. Akaokota kofia yake, akaishika, akaiangalia kama hajui inavaliwaje.

Maziwa yalimwagwa nusu yake siku ile. Injinia alileta feni kubwa, ikapuliza shimoni saa tatu, kisanduku kikanyamaza mpaka chini kabisa, nikashuka nikakata matete yangu nikapanda. Wiki iliyofuata vilinunuliwa vipima gesi viwili. Pua hakufukuzwa wala hakupelekwa zizini. Injinia alimpa vikaratasi vya kupimia uchachu, unachovya kwenye tope kinabadilika rangi, naye ndiye mlishaji mpaka leo. Gesi ni nyingi kuliko zamani. Ila jina la Pua limekufa lenyewe, hakuna aliyekatazwa kulitumia. Siku hizi wanamwita mzee.

Dada alisikia habari kabla hatujafika nyumbani. Alinisubiri mlangoni akanichapa kofi, mimi mtu wa miaka hamsini na tatu, halafu akanikumbatia akalia mpaka bega langu likalowa. "Nilikuapisha mimi," akawa anasema. "Mimi ndiye niliyekuapisha." Sikujua nimfariji vipi. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Siku ya mapumziko, saa tisa alasiri, Pua akaja kwangu peke yake, amevaa shati la kwenda safari. Nikadhani kuna msiba. Nikamletea kiti. Hakuegemea.

"Nimetoka kwa fundi bomba," akasema. "Kabla yake nimepita kwa wale wawili wa zizi. Yule wa tatu kahama, nimempigia simu. Nimebaki na wewe."

"Umewafuata kwa lipi?"

"Nimehesabu. Watu watano nimewashusha, mara ishirini na moja. Wewe peke yako mara tisa." Akakohoa. "Nimekuja kuomba unisamehe."

"Ala! Wacha upuuzi, shemeji. Si tulipona?"

"Mlipona. Siyo mimi niliyewaponya."

Nilimwambia anywe chai. Nilimwambia hakujua, na asiyejua hana hatia, na meneja ndiye wa kulaumiwa, na kile kisanduku kilichokufa. Alisikiliza yote kwa heshima. Hakuondoka. Nikaona huyu hataondoka bila kitu cha kweli, na mimi nilikuwa na kitu kinanikereketa tangu siku ile, kwa hiyo nikauliza.

"Siku ile. Pumzi ya tatu. Ulikuwa useme nini?"

Akaitazama miguu yangu. "Shuka," akasema. "Lilikuwa tayari ulimini. Nilikuwa nimelala macho siku mbili tatu, usiku kucha nikijiapiza kwamba siku ikifika nitasema kweli, na siku ilipofika mdomo ukafunguka kwa lile neno."

"Nini kilikuzuia?"

"Wewe. Nilikuona umeshika ukingo, mguu uko tayari. Mtu anayejua kwamba sisikii kitu, na amejifunga kamba, na anasubiri nimwambie." Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aketi. "Sasa niulize na mimi. Ulijua. Kwa nini ulikuwa unashuka?"

Nilitaka kusema ni kile kiapo. Nilitaka kusema meneja, maziwa, watu wanasubiri, matete yalikuwa yangu na sheria ni sheria. Yote hayo yalikuwepo na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Niliona haya," nikasema.

"Haya ya nini?"

"Ya kukuumbua mbele za watu."

"Haya tu?"

"Haya tu."

Nilidhani atacheka, maana ni mtu wa kucheka mambo kama hayo. Alifunika uso kwa mikono yake miwili akalia, kwa sauti, mabega yakitikisika, na mimi nikasogeza kiti changu karibu na chake nikalia naye, kwa sababu lilikuwa jibu la kweli, na kwa haya hiyo tu ningekufa shimoni.